Sentensi ya Nyumbani

Hawakutafuta. Hicho ndicho kinachonirudia mpaka leo, kwamba hawakutafuta. Wanaume watano waliingia nyumbani kwa bibi asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linagusa paa. Hawakuchungulia zizini, hawakuinua ngozi ya kitanda, hawakuuliza kitu. Walimpita bibi aliyekuwa amechutama anapuliza moto, wakaenda moja kwa moja kwenye kihenge cha mahindi, kile kikapu kikubwa kilichokandikwa samadi, wawili wakakishika huku na huku wakakisogeza. Dada yangu Paskalina akaonekana. Alikuwa amekaa chini kwenye gunia, miguu imevimba kama si yake, mikono yote miwili juu ya tumbo, anafumba macho kwa sababu ya mwanga.

 Aliwaangalia wale wanaume, halafu akaniangalia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na kibuyu cha maji. Mtu anayetafuta huanza karibu na mlango. Hawa walikuwa wameambiwa.

Mzee Qamara, mkubwa wa wazee wa pale kwetu Tumati, alibaki nje kwa sababu hakutakiwa kumkaribia. Akasema atoke. Hakuna aliyemshika kwa mkono. Walimwelekeza kwa fimbo, huku na huku, kama unavyoelekeza ndama asiyejua njia. Alipofika mlangoni nilimnyooshea kibuyu, na mmoja wao akakipiga kwa fimbo kabla midomo yake haijakigusa, maana kikiguswa na mwenye mwiko kingekuwa kibuyu cha kutupwa. Kilipasuka mkononi mwangu. Maji yakanimwagikia miguuni, na dada yangu akapita juu ya udongo uliolowa. Baba yangu alikuwa kwenye uzio, amewapa mgongo, anamkagua maksai kwato. Yule maksai hakuwa na ugonjwa wowote.

Naanza na hilo kwa sababu mmeniomba kumbukumbu, na mimi kumbukumbu yangu ya shule ndiyo hiyo.

Wiki iliyopita alinipigia simu Daudi, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Givapu. Akasema wanafunzi wa zamani wameanzisha kundi kwenye simu, wanamwandalia Mwalimu Fabiani sherehe ya kumshukuru huko Bashay anakoishi tangu astaafu, na kila mmoja aandike kitu kidogo kuhusu jinsi mwalimu alivyotufundisha Kiingereza. Nikamwambia mimi nimeishia la saba, tena la saba la kukaa tu, niandike nini. Akacheka. "Dada, acha hizo. Wewe ndiye uliyekuwa unapata kumi kwa kumi na sisi tunakula fimbo. Andika chochote, mzee atafurahi."

Siku ileile jioni binti yangu wa mwisho alikuwa amekaa kwenye kigoda anafanya kazi ya shule. Alikuwa amelifunika daftari lake kwa karatasi ya kaki na kuigandisha kwa uji wa unga, kama sisi tulivyofanya, na ule uji ulikuwa bado haujakauka. Harufu yake ikanipata kabla sijaona kitu. Halafu nikaona mwandiko wake. Walikuwa wamepewa maneno mawili ya Kiingereza wayatungie sentensi. Maneno yenyewe yalikuwa look after.

Nilitoka nje. Nilishika ukuta wa zizi mpaka pumzi ikarudi. Mtoto akanifuata, akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikamwambia moshi.

Sasa nieleze vizuri, maana wengine wenu mlikuwa madarasa mengine na wengine mmesahau kwa makusudi.

Kwetu, msichana aliyebeba mimba kabla ya ndoa hakutakiwa kuzaa ndani ya mpaka wa ardhi yetu. Ilisemwa kwamba akizaa hapa mvua itakataa, ng'ombe watatupa ndama kabla ya wakati, na ugonjwa utapita nyumba kwa nyumba. Kanisa lilikuwepo, Jumapili tuliimba mpaka sauti zinakauka, lakini mvua ikichelewa hata mwenye rozari shingoni alimtazama mzee Qamara. Na desturi ile, nisiisingizie, ilikuwa na huruma yake ndani. Binti alitafutiwa kwanza mtu wa kumpokea ng'ambo ya mpaka, mara nyingi kwa wafugaji wa kule chini Hanang ambao mwiko huo si wao. Alizaa huko, akakaa huko, akafanyiwa taratibu za kumsafisha, siku ikifika akarudi. Hakutupwa. Alipelekwa, na mtu alikuwa anamngoja. Wazee wote walilijua hilo, na mzee Qamara alilijua kuliko wote.

Paskalina alipata mimba kwa Eliasi, kijana aliyekuwa anaendesha mashine ya kusaga. Nimemtaja. Siku habari ilipotoka Eliasi hakuonekana tena mashineni, na mpaka leo sijui kama yuko hai. Mwaka ule mvua ilikuwa imechelewa. Watu walikuwa wamepanda kwenye vumbi, na mbegu zimekaa ardhini mpaka zikaliwa na kwale. Wazee wakasema binti aondoke mara moja, hakuna kungoja mwenyeji. Baba akasema yeye hana binti wa jina hilo. Alilisema nikiwa nimekaa karibu naye nakula, na nikaangalia kama atacheka.

Mama na bibi wakafanya lao. Wakatangaza kwamba Paskalina ameshaondoka, ameshuka kwenda kwa wafugaji, na mama akalia mbele za watu ili waamini. Kumbe alikuwa kwa bibi, ng'ambo ya shamba letu, nyuma ya kihenge. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kuvimba, asingeweza kuteremka bondeni kwa mguu. Bibi alikuwa na rafiki wa miaka mingi, mfugaji wa Dirma kule bondeni, tuliyemwita Mama Gidamis, waliyekuwa wakibadilishana naye mahindi na samli. Akamtumia ujumbe. Mama Gidamis akajibu kwamba atapanda na punda siku ya mnada, kwa sababu siku hiyo punda wanapanda na kushuka wengi na hakuna anayeuliza huyu amebeba nini. Tulichotakiwa kufanya ni kungoja siku ya mnada. Hiyo tu.

Mimi nilikuwa na kazi ya kupeleka maji. Nilikuwa darasa la sita. Nilipenyeza mkono nyuma ya kihenge, Paskalina akashika kibuyu, akanywa, halafu akanishika kidole na kukiachia polepole. Huko nyuma palikuwa na harufu ya mahindi ya mwaka jana, vumbi la fukusi na jasho la mtu asiyetoka nje. Alikuwa ananiuliza mambo madogo. Ndama wa yule ng'ombe mweupe amekua? Mama anakula? Siku moja aliniambia, "Mdogo wangu, nimebaki na mdomo wako tu." Nikamwambia sitasema kwa mtu. Na kweli, kwa mdomo sikusema.

Shuleni tulikuwa na Mwalimu Fabiani. Alikuwa mtu wetu kabisa, mzaliwa wa Bashay, mama yake alivaa ngozi kama bibi yangu alivyovaa. Lakini ndani ya uzio wa shule hakutamka neno la Kiiraqw hata kwa mpishi. Aliyekutwa anaongea lugha ya nyumbani alivishwa kibao shingoni, kipande cha ubao chenye kamba ya katani, na hakukivua mpaka amkamate mwenzake akiongea, amvishe yeye. Ndivyo tulivyojifunza kusikilizana, si mnakumbuka? Tulikuwa tunacheza huku masikio yamesimama.

Kiingereza alikipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wake. Alikuwa na somo lake la asubuhi aliloliita vitenzi vyenye mkia. Aliandika look ubaoni, akasema huyu ni ng'ombe asiye na mkia, kazi yake kuangalia tu. Akaongeza after. Sasa amepata mkia, akasema, na kazi yake imebadilika, sasa anatunza, anachunga, anaangalia asiumie. "Ukimkata mkia umemharibu. Nani atarudia?" Tulirudia wote. Tukatoka nje tunatukanana kwa hayo, we ng'ombe asiye na mkia, we mkia asiye na ng'ombe.

Na kila mmoja alitakiwa kuleta sentensi ya nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake. Mwanzoni wote tulikuwa tunaandika simba amekimbia, simba amerudi, mpaka akachoka. Akasema hataki simba. "Kwenu hakuna simba. Niletee kilichotokea kwenu jana, cha kweli, kwa mkono wako." Sentensi ya uongo ilikuwa fimbo mbili. Sentensi inayofanana na ya jirani ilikuwa fimbo nne, kwa sababu aliihesabu ni wizi. Sentensi ya kweli isiyo ya mtu mwingine ilipata kumi, na mwenye kumi alipewa kazi ya kugonga kengele, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Daudi aliandika kwamba baba yake ame-give up pombe, yaani ameiacha, kumbe asubuhi ileile nusu ya darasa tulikuwa tumemruka baba yake amelala njiani. Darasa likalipuka. Akala fimbo mbili na jina likampata hapo hapo.

Mimi nilikuwa nagonga kengele kila wiki. Niliandika mama ame-get up mapema, bibi ame-put out moto, kuku ame-fall off ghalani. Nilikuwa naangalia nyumbani kwetu kwa jicho la kuwinda. Jioni nilitembea nikitafuta kitu kilichotokea ambacho hakuna mwingine atakuwa nacho.

Jumatatu ile, siku nne kabla ya mnada, kitenzi kilikuwa look after. Wote wakainama wakaandika. Nilichungulia wa kulia kwangu, ameandika kaka yake anachunga ng'ombe. Wa kushoto, kaka yake anachunga ng'ombe. Wa mbele, baba yake anachunga ng'ombe. Mimi pia nilikuwa nimeandika ng'ombe, nikafuta kwa mate mpaka karatasi ikaota manyoya. Mwalimu alikuwa anatembea kati ya madawati na fimbo yake ya mfagio. Na kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakuna mtoto mwingine katika darasa lile alikuwa nacho.

Naomba mnielewe jinsi mtoto anavyofikiri. Kiiraqw kila mtu alikisikia, jirani, wazee, watoto wa kisimani. Kiswahili kilisikiwa na mwenyekiti, mgambo na katekista, kwa hiyo nacho hakikuwa salama, na bibi alikuwa ananyamaza kabisa mtu wa Kiswahili akipita. Lakini Kiingereza? Bibi hakukijua. Baba hakukijua. Mzee Qamara hakujua hata herufi. Sikuwahi kusikia mtu yeyote akikitumia kumwomba mwenzake chumvi. Niliamini kilikuwa kinaishi ndani ya daftari peke yake, kwamba hakina mlango wa kutokea kwenda kwa watu. Nilikiona kama shimo refu, ukitupa jiwe halisikiki likifika chini. Na mimi lile jiwe lilikuwa limenilemea. Wiki tatu nilikuwa nalala nalo.

Nikaandika. My grandmother look after Paskalina behind the maize. Kwamba bibi yangu anamtunza Paskalina nyuma ya mahindi.

Mungu anisamehe, nilisikia raha. Nilijiona nimepumua.

Mwalimu alikusanya madaftari akaenda nayo nyumbani kwake. Jumanne asubuhi akayarudisha. Langu lilikuwa na kumi kwa kumi kwa wino mwekundu. Na kwenye neno look alikuwa ameongeza herufi s, ndogo, nzuri, ya kujipinda. Ninalo daftari hilo. Liko ndani ya sanduku langu la bati, nimelizungushia mfuko wa nailoni, na ile s bado ni nyekundu. Niliitazama sana miaka yote hii. Mtu anayeongeza s amesoma. Hakupitisha macho tu. Aliisoma sentensi yangu neno kwa neno, akaielewa, akaona pungufu lake, akalijaza.

Lakini siku hiyo hakuniita kugonga kengele. Alimwita mwingine. Nikafikiri nimemkosea adabu, nikakaa na hofu ya fimbo mpaka mapumziko. Tulipokuwa tunatoka akanisimamisha mlangoni, akangoja wenzangu wapite, akainama mpaka nikaona vinyweleo vya pua yake. Akaniuliza, kwa Kiiraqw, "Bibi yako hajambo?"

Kwa Kiiraqw. Mtu aliyetuvisha kibao kwa lugha hiyo. Alikuwa anaiongea vizuri kabisa, kwa sauti ya chini, kama mtu wa nyumbani. Mimi mpumbavu nikafurahi. Nikamwambia bibi hajambo. Akanipapasa kichwani akaenda zake.

Jumatano asubuhi wakaja.

Nimewaeleza kihenge na kibuyu. Sijawaeleza njia. Kutoka kwa bibi mpaka kwenye korongo ambalo ndilo mpaka ni mwendo mfupi kwa mtu mzima. Kwa Paskalina ulikuwa wa asubuhi nzima. Watu walitoka mashambani wakasimama mbali kumwangalia. Hakuna aliyezomea, afadhali wangezomea. Wanawake waliwageuza watoto wao. Bibi alifuata nyuma akiomba, akimwambia mzee Qamara amebakiza siku mbili tu, mwenyeji wake anakuja na punda, amwache chini ya kivuli cha mti wowote nje ya nyumba, siku mbili tu. Mzee Qamara alisema mbegu zinakufa. Alisema hivyo bila hasira. Ndiyo sababu sijaweza kumchukia inavyotosha, alikuwa mzee anayeogopa njaa. Lakini alijua kwamba binti hatolewi bila mtu wa kumpokea, na alimtoa. Nimemtaja, na yuko kaburini, na haya nayasema.

Kwenye korongo wakatuzuia. Paskalina akavuka peke yake. Akakaa chini ng'ambo, akavua kandambili zilizokuwa zinambana, akaziweka mkononi, akasimama kwa kushika jiwe. Mama alikuwa amefika, alikuwa anauma ncha ya kanga yake. Dada yangu hakugeuka. Akaanza kuteremka njia ya Dirma, mlima wa Hanang uko mbele yake, na mkono mmoja kiunoni. Tulimwona kwenye kona ya kwanza. Kwenye ya pili tukaona kanga tu. Ya tatu sikuiona kwa sababu mama alinifunika uso.

Ijumaa, siku ya mnada, Mama Gidamis alipanda na punda kama alivyosema. Hakuvuka korongo, alisimama ng'ambo akaita mpaka bibi akaja, na mimi nikamfuata bibi. Mgongoni mwa punda palikuwa na ngozi laini imetandikwa kwa ajili ya mtu kukalia, na juu ya ile ngozi kanga ya Paskalina imekunjwa. Mama Gidamis alikuwa mrefu, mwenye bangili za shaba mpaka kiwikoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota. Alimkuta njiani asubuhi hiyo, wakati anapanda. Vijana wake walikuwa wamemfunika kwa mawe mahali palepale.

Bibi akauliza, "Na mtoto?"

"Wako pamoja."

Halafu yule mama akatuangalia, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza kitu ambacho kweli hakijui. "Siku mbili," akasema. "Nyinyi mmeshindwa kungoja siku mbili?"

 Akarusha kanga juu ya korongo, bibi akaidaka, na yule mama akageuza punda wake mwenye tandiko tupu akateremka.

Jumamosi mvua ikanyesha.

Hilo ndilo lililotumaliza. Ingekauka mwaka mzima ningekuwa na la kusema. Lakini ilinyesha mvua nzito, ya upole, ya kupanda, na watu wakatoka nje wakaacha iwalowanishe. Nilimsikia mtu akicheka barabarani. Baba alichukua jembe. Mwaka ule mahindi yalizaa mpaka vihenge havikutosha, na kila mtu aliyakula, na mimi niliyakula kwa sababu nilikuwa mtoto na nina njaa. Bibi hakuyala. Alikula viazi na maziwa mpaka alipokufa, na hakumaliza mwaka mwingine.

Mama alitaka kujua nani aliwaambia. Hakunishuku mimi hata siku moja. Alimshuku jirani wa bibi, Mama Anjela, kwa sababu alikuwa anapita pale kuomba moto. Waliacha kusalimiana. Mama Anjela alikuja mara tatu kuapa kwamba hakujua lolote, mara ya tatu alikuja na katekista, na mama akafunga mlango. Yule mwanamke alibeba jina hilo la usaliti mpaka uzee, watoto wake walibeba jina hilo, na mimi nilikuwa nakaa ndani nimenyamaza. Hilo ni langu. Simtupii mwalimu. Mama alikufa akinishika mkono na bado alikuwa anasema Mama Anjela, na mimi nikasema ndiyo mama, pumzika.

Shuleni nilirudi kwa sababu nilipelekwa. Sikuandika tena sentensi ya nyumbani. Nilikuwa napewa fimbo mbili kila asubuhi, na Mwalimu Fabiani alikuwa anazitoa bila kuniangalia usoni. Hakuniuliza sababu, yeye aliyekuwa anauliza kila kitu. Mtihani wa la saba karatasi ya Kiingereza niliikabidhi nyeupe kama nilivyopewa. Wenzangu mkaenda mbele. Daudi ana duka Babati. Mimi nililima, nikaolewa, nikazika mume, nalima.

Nilikutana na mwalimu mara moja tu baada ya hapo, miaka mingi, kwenye benchi la zahanati Bashay. Alikuwa amevaa koti, ana fimbo ya mzee, kila anayepita anamwinamia. Nilikuwa nimejiambia maisha yangu yote kwamba nikikutana naye nitamuuliza. Mdomo ukafunguka, ukasema, "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, binti. Wewe ni wa nani?"

Nikamwambia jina la baba. Akafikiri. Akasema ah, Tumati, zamani sana, na je, nilikuwa nafanya vizuri darasani? Nikamwambia nilikuwa napata kumi. Akacheka kwa furaha mpaka mabega yakatikisika, akamwambia muuguzi aliyekuwa anapita, "Unaona? Hawa wote ni mimi." Muuguzi akampongeza. Mimi nikainuka nikaondoka na dawa ya mtoto sikuichukua.

Kwa hiyo Daudi, hii ndiyo kumbukumbu yangu. Usiifupishe. Isome kama ilivyo, mbele ya keki na maua, na kama wewe huwezi nipe mimi nisome, Kiswahili bado nasoma.

Na wewe Mwalimu Fabiani, wote waliomtoa dada yangu wamekufa. Mzee Qamara amekufa. Baba amekufa hajamtaja. Umebaki wewe. Mimi niliandika, nilikuwa mtoto, nimelibeba hilo na nitakufa nalo. Lakini sentensi yangu haikutembea yenyewe. Mzee Qamara hakujua Kiingereza, baba hakujua Kiingereza, na daftari lililala kwako usiku mmoja tu. Kuna mtu aliyeichukua ile sentensi akaigeuza kuwa maneno ya kusikika. Ulikwenda kwa nani? Uliogopa mvua kama wao, au ulikuwa unapiga soga tu, unawachekesha watu kwa sentensi za watoto? Ulijua amebakiza siku mbili? Ulivyokuwa unaongeza ile s, ulikuwa umeshaamua?

Nitakuja kwenye sherehe. Nitakaa mbele na daftari mapajani, na sitakuamkia. Usinijibu kwa Kiingereza, na Kiswahili cha jukwaani sikitaki. Nijibu kwa Kiiraqw, kwa sauti ileile uliyoniulizia habari za bibi, ila safari hii iwe kubwa, watoto wa Mama Anjela wasikie. Sema ulimwambia nani.